Kikwembe cha Kwenda Goma

Kavugho alikuwa mwanamke wa hasira, nakwambia mapema usije ukashangaa mbele ya safari. Makomeno nzima, mtaa wetu wa Lubumbashi, ilimjua kwa jina la Mama Merdi, na wasiomjua kwa jina walimjua kwa sauti. Muuza makaa akipunja gunia, unaisikia. Umeme ukikatwa cherehani ikiwa katikati ya pindo, unaisikia. Lakini hasira ya mwaka ule Goma ilipotekwa haikuwa ya makaa wala ya umeme. Ile ilimwingia ikaweka kambi, na sidhani imetoka mpaka leo.

Alizaliwa Butembo, kule Kivu ya Kaskazini, akaletwa Lubumbashi kama bibi harusi na Ézéchiel, mfanyabiashara wa jumla mwenye malori, wakati nchi bado inaitwa Zaire na Zaire yenyewe iko mahututi. Mama yake alizaliwa Congo ya Wabelgiji, yeye akazaliwa Zaire, binti yake Merdi akazaliwa Congo tena. "Na hakuna mutu alituuliza," alipenda kusema. "Bakubwa banaamuka asubui, banabadirisha jina, sisi tunajifunza mupya kama batoto ya masomo."

Ézéchiel alipofariki, ndugu zake walichukua malori, na Kavugho akabaki na cherehani na simu. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomlisha. Alishona nguo za vikwembe, vitambaa vile ambavyo kwingine huitwa vitenge, akaziuza kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Akapata wateja Kolwezi, Kinshasa, Goma, hata Ubelgiji. Sasa, watu wa Lubumbashi wameliwa sana na matapeli wa mtandaoni, hawamwamini muuzaji kwa maneno. Kwa hiyo Kavugho, kama wauzaji wenzake wote wa mjini, kila kifurushi kikiwa tayari alikipiga picha, anuani ikisomeka vizuri, akaiweka kwenye ukurasa na kuandika: colis imeenda, yaani kifurushi kimeondoka. Usipoweka picha hiyo, huna biashara. Mkono wake ulikuwa umezoea mno, ulipiga picha bila kukiuliza kichwa.

Kaka yake, Pierre, alikuwa anakaa Goma, na mwaka huo Pierre alikuwa anamwoza binti yake, Syntiche. Kwao, msichana haondoki nyumbani kwa baba kabla shangazi hajamfunika mabegani kikwembe alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi akiwa mbali, mwanamke mwingine wa ukoo anaweza kumwekea, lakini kitambaa lazima kitoke kwa shangazi. Bila hicho, msichana anatoka mlangoni kama aliyefukuzwa, na ukweni watamkumbusha kila watakapogombana. Kavugho alikuwa shangazi wa pekee. Alikuwa ameshaanza kushona, kikwembe cha kijani chenye maua meupe, wakati waasi, wanaosemwa kusaidiwa na Rwanda, walipouteka mji.

Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafungwa. Kavugho alimwambia kaka yake aahirishe harusi, na Pierre akajibu kwenye simu kwa uchovu mtupu: "Dada, kama tunangojea amani, huyu mutoto atazeeka mu nyumba. Tuma tu kikwembe."

Basi akaenda kwenye wakala wa vifurushi katikati ya mji, alikozoea kutumia. Gérard, karani wa pale, alimjua miaka yote. Akafungua kompyuta, akachagua Congo, akatafuta Goma. Haikuwepo. Lubumbashi ilikuwepo, Kilwa ya kule ziwani ambako barabara inameza matairi ilikuwepo, lakini Goma ilikuwa imeondolewa.

"Mama Merdi, banaitosha ku Congo," alisema Gérard. "Inapitia Kigali. Njo maana ukitaka ifike, unaandika inchi: Rwanda."

"Goma iko Rwanda tangu lini?"

"Mi najua, mama. Ni machine inasema. Bote banaandikaga vile sasa."

"Machine inasema," alirudia Kavugho. "Weye na kinywa yako unasema nini?"

Gérard akamwita mteja aliyefuata kwenye foleni. Kavugho alichukua kifurushi chake akatoka, akatembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu alijua akipanda gari atagombana na dereva. Kilichomuuma hakikuwa waasi peke yao. Waasi alikuwa amewazoea tangu utoto. Kilichomuuma ni kumfikiria mtu fulani asiyemjua, ofisini mahali fulani, anakunywa kahawa yake, anabonyeza kidole, na kidole hicho kinauhamisha mji wenye kaka yake ndani. Bila risasi hata moja. Nami nakuuliza, yupi mbaya zaidi?

Pierre alipopiga simu tena na kusimuliwa hayo, hakubembeleza. "Dada, andika Rwanda, andika China, andika mbinguni. Harusi ni Jumamosi ya juma lijalo. Mutoto analia kila siku."

Kavugho akarudi kwa Gérard huku ameuma meno. Gérard akachapisha karatasi ya anuani, akaibandika: Syntiche, jina la baba yake, mtaa, Goma, Rwanda. Halafu Kavugho, akiwa amekasirika hivyo hivyo, akatoa simu, akapiga picha, akaiweka kwenye ukurasa. Colis imeenda. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Mwizi angeficha, yeye hakuwa na cha kuficha, hata wazo la kuficha halikumjia.

Hakuwa amefika nyumbani simu ilipoanza kutetemeka.

Muuza nchi. Msaliti. Kumbe ni hawa hawa watu wa kutoka kule Kivu, tunaishi nao hapa, wanakula nasi. Mama Merdi ameshagawa Goma. Mtu mmoja akaandika kwamba nyumba yake anaijua. Mwingine, ambaye kwa mkono wake Kavugho alimshonea gauni la ubatizo wa mtoto, akaandika kwamba siku zote alimwona na macho ya ajabu. Kavugho akafuta picha, lakini ilikuwa imeshanakiliwa, inazunguka kwenye makundi ya simu mjini kote, na mduara mwekundu umechorwa kwenye neno Rwanda ili hata kipofu alione.

Mimi watetezi wa nchi wa aina hii nawachukia, siwezi kukuficha. Mtu amekaa Karavia kule kwa matajiri, kiyoyozi kinampuliza, hajawahi kukanyaga Goma, hajui hata iko upande gani wa Ziwa Kivu, lakini anamfundisha mtoto wa Butembo kuipenda.

Régine, jirani yake na rafiki wa kwaya, alikuja asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Omba tu musamaa ku ukurasa," alimshauri. "Bantu banasahauka mbio."

"Musamaa ya nini?"

"Ya ile jina."

"Régine, mi niliandika ile jina juu hakuna jina ingine ilikuwa mule. Niombe musamaa kwa nani? Kwa bale banaifuta, ao kwa bale banaiteka?"

Régine akaondoka bila kunywa chai. Wateja nao wakaanza kuondoka. Mmoja aliandika kwa upole kwamba ataagiza siku nyingine, wengine hawakuandika kabisa. Na mchana Gérard akapiga simu, sauti iko chini. Mkubwa wake ameiona picha, ameogopa, ameagiza kifurushi kishushwe kwenye lori. Kavugho akaenda kukichukua. Kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa ovyo, na mtu fulani alikuwa ameikwaruza anuani kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Akachukua kalamu ya Gérard, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: GOMA, CONGO. "Sasa tuma," akasema.

"Mama, na hiyo jina haiendi popote. Itabakia hapa hapa."

"Kwa hiyo na Rwanda mi ni musaliti, na Congo haiendi."

"Njo vile, mama," alisema Gérard, akatazama chini.

Siku hiyo Kavugho aliandika kwenye ukurasa wake maneno ambayo watu wa Makomeno bado wanayarudia. Aliandika: Nyinyi wote munasema Goma ni Congo, mi nakubali, muko na haki. Kikwembe cha mutoto wangu kiko hapa ku mulango. Mwenye kupenda Congo kunipita akuye akipeleke Goma kwa njia ya Congo. Nitamushonea bure mpaka nikufe.

Ukurasa uliokuwa unawaka moto ukanyamaza. Si kwamba waliona haya, usijidanganye. Walikuwa wamepata mtu mwingine wa kumla.

Harusi ilikuwa imekaribia. Kavugho akapanda gari mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akamtafuta Mwansa, dereva Mzambia aliyewahi kubeba mizigo ya Ézéchiel. Mwansa hakumuuliza siasa. Ng'ambo kulikuwa na wakala aliyekuwa anapeleka vifurushi Kigali kwa ndege, lakini wakala huyo, kwa sababu zake za vita na bima, hakupokea kitu chochote kinachotoka Congo. Mwenye kutuma lazima awe wa Zambia. Mwansa akatoa jina la mama yake na nyumba yake ya Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka. Kavugho akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Inatoka: Zambia. Inaenda: Rwanda. Kikwembe kilichoshonwa Congo, kinachomfuata msichana wa Congo ndani ya Congo, na nchi yenyewe haikutajwa hata pembeni. Alirudi Lubumbashi bila kumgombeza mtu njia nzima, na hilo lilimtisha kuliko kelele.

Kikwembe kilifika Ijumaa, usiku wa kuamkia harusi. Jumamosi jioni Syntiche akapiga simu, nyuma yake watu wanaimba.

"Shangazi, banakiweka ku mabega yangu. Nilitoka muzuri. Baba alilia." Akacheka kidogo. "Lakini ku Grande Barrière, kwa mupaka ya Rwanda, banamuuliza baba hii nguo inatoka wapi. Akasema ku Congo, kwa dada yangu. Banamwambia anadanganya, karatasi inasema Zambia. Banamufanya asaini kama inatoka Zambia. Alisaini, shangazi. Tulikuwa tunachelewa."

Kavugho alikuwa amekaa mbele ya cherehani ambayo haikuwa na kazi juu yake. Alitaka kumwambia mtoto maneno ya baraka, yale yanayosemwa siku ile, alikuwa ameyaandaa tangu Januari. Hayakutoka.

"Weye umefunikwa, mwanangu, ni muzuri," alisema. "Mi ukiniuliza niko wa wapi, sina inchi hata ya kuandika."