Truphena na Jua Lisilozama

Truphena alitoka Vihiga kwenda Riyadh kulea mtoto mmoja na kupiga deki nyumba ya ghorofa mbili. Mkataba wake haukutaja Norwe popote. Lakini bosi wake, Madam Abrar, alikuwa na wafuasi laki tatu mtandaoni walioamini kwamba anakipenda mno kimji kimoja cha kaskazini ya mbali, kilichojibana kando ya fiodi, ule mkono wa bahari unaopenya katikati ya milima. Ikabidi aende huko kila msimu na mtoto wake Lujain, na Truphena wa kumbeba Lujain.

Madam aliujua mji kupitia dirisha la hoteli. Kila safari alitoka nje dakika kumi na mbili, akapigwa picha akishika kikombe kitupu, kisha akarudi kitandani kwa sababu ya upepo. Truphena ndiye aliyetoka. Januari, jua lisipochomoza kabisa, alimfundisha Lujain kutembea juu ya barafu. Mei alijua ni zizi lipi lina wana-kondoo. Mvua za Oktoba zilimkuta akimenya viazi jikoni kwa mjane mmoja mwoka mikate, wakielewana kwa vidole na vicheko. Wenyeji walimsalimia kwa jina. Naye Madam walimjua kama yule mgonjwa wa chumba namba nne.

Mwaka huu Madam akaalikwa Jeddah, kwenye hoteli ya ufukweni, kuwaeleza akina mama wa kitajiri juu ya mwaka mzima kwenye fiodi. Kwa dakika arobaini alizungumzia utulivu. Truphena alikaa nyuma kabisa na Lujain.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Umesema kiangazi jua halizami. Watoto wanalala vipi?"

"Kwa utulivu," Madam akasema.

"Lakini vipi? Wangu hawalali hata taa ya korido ikiwaka."

Madam akageukia picha ukutani. Ilikuwa picha ya kikombe.

"Truphena hubandika foili ya jikoni dirishani," Lujain akasema kwa sauti. "Mama hulala na kitambaa machoni."

Ukumbi mzima ukageuka. Truphena akaiona ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, ikifutwa palepale, lakini aliulizwa, akajibu, kwa Kiarabu chake cha jikoni. Chakula cha jioni kifuate saa, si jua. Viatu viwe namba moja zaidi, soksi za sufu zipate nafasi. Maswali yakaendelea nusu saa. Mwishowe Madam akakidaka kipaza sauti: "Mnaona nilivyomfundisha."

Ndani ya ndege ya kurudi Riyadh Madam alijifunga kitambaa chake machoni. Truphena akajiambia, halas, yamekwisha, narudishwa nyumbani.

Asubuhi Madam akamwita sebuleni. "Safari ijayo utakuwa karibu yangu. Nikiulizwa, unaninong'oneza."

"Sawa, madam. Na Ijumaa zangu?"

Kwa miaka miwili Ijumaa hizo zilikuwa za mapumziko kwenye karatasi tu.

"Ijumaa tuna wageni."

Truphena akaendelea kusimama palepale.

"Haya," Madam akasema. "Ijumaa."

Ijumaa iliyofuata alipanda metro hadi Olaya kukutana na Peris, rafiki yake anayesafisha ofisi huko. Walikaa mezani wakala chipsi, na Peris akataka kujua hiyo Norwe ikoje.

"Kuna baridi," Truphena akasema. "Nipitishie hiyo chumvi."