Miezi Ambayo Baba Aliiacha Pikapu Uani

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla sijajua lolote la kujua, kulikuwa na ile harufu ya moshi na maziwa yaliyoganda aliyokuwa akiingia nayo Baba jioni, imeng'ang'ania koti lake la kazi hata vumbi la saruji halikuweza kuifunika. Watu wa Kajiado wanaijua: ni harufu ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, kikatiwa maziwa, yakalala humo hadi yakachacha. Nyumbani kwetu hapakuwa na kibuyu. Tulikuwa Wakamba tuliohamia Kitengela, hukohuko Kajiado, kutoka Machakos mwaka uliotangulia, katikati ya miaka ya tisini, watu wa chai asubuhi na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, Jumamosi, na Wamasai tuliwaona kwa mbali wakipita na mifugo. Sasa mtu wa nyumba kama hiyo anaponuka kibuyu, swali linajileta lenyewe. Kakinywea wapi, na ni nani aliyempa?

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa pekee, na niseme ukweli mapema msije mkanihurumia bure: nilikuwa mdaku. Nilijua nani kapika nini kwenye ploti nzima. Mama hakunikanya sana kwa sababu habari zangu zilimfaa. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba mbili zilizotangulia hiyo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hakutembea mbali, hakubeba maji, na mimi nilikuwa macho yake. Baba kila jioni alimwambia, "Mama Ndunge, wewe kaa, usishtuke na kitu." Nilipenda kumsikia akisema hivyo. Baadaye, nilipoanza kumshuku, hata maneno hayo niliyaona kama ya mtu anayemlaza mwenzake usingizi ili apate kutoka.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha saruji, upande wa Athi River, na alikuwa na pikapu nyeupe kuukuu aliyoipenda kupita kiasi. Kila asubuhi aliiwasha mapema, akaiacha ingurume uani mpaka majirani wote wajue kwamba mwenye gari anaenda kazini. Kisha mwezi wa Julai, majira ya baridi na ukungu, akarudi siku moja saa za jioni sana, taa moja ya mbele ikiwa na ufa, akasema ni jiwe. Wiki hiyohiyo akaja na blakimamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye keria nyuma, kaipata kwa mtu wa kazini. Kuanzia Jumatatu, pikapu ikabaki uani na Baba akaanza kwenda kazini akikanyaga pedali, suruali kaikunja na kuibana kwa kibanio cha nguo. Mama alipouliza, akasema klachi. Sawa. Lakini Jumapili akatupakia kwenye pikapu hiyohiyo akatupeleka kanisani, na klachi ikafanya kazi kwenda na kurudi bila kukohoa. Jumatatu ikaugua tena. Mimi sijawahi kuona ugonjwa unaoijua kalenda namna hiyo.

Mama alipomwuliza mara ya pili, klachi ikageuka kuwa daktari. Eti daktari wa kazini amesema afanye mazoezi. Mtu anayeinua vyuma mchana kutwa afanye mazoezi! Halafu akawa anaondoka saa nzima mapema kuliko ilivyohitaji safari ile, hata kwa baiskeli. Halafu kila Ijumaa pakiti ya sukari na majani chai vikatoweka kabatini. Halafu siku moja nikiosha ile baiskeli nikaona kwenye usukani pamefungwa uzi wa shanga, nyekundu na nyeupe, umesokotwa vizuri na kukazwa kwa fundo dogo. Shanga hazijifungi zenyewe kwenye usukani. Nilimwita Mama akaja taratibu, mkono kiunoni, akazishika kwa vidole viwili, akazitazama muda mrefu. "Aiya," akasema, na hakusema zaidi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi nikaanza kuusubiri huo mshindo kwa hamu ambayo leo naionea haya.

Aliyetia mafuta kwenye moto alikuwa Mama Syombua, mwenzake Mama katika kikundi cha kina mama wa kanisa. Alikuja kumwona mjamzito, akaletewa chai, akainywa yote kwanza, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeumia sana kusema. "Mimi si mtu wa maneno, Mama Ndunge, unanijua. Lakini ile baiskeli ya mzee wako huwa imeegemea kwa boma ya Wamasai pale chini karibu na mto. Kila asubuhi. Bwana yangu ndiye ameiona, si mimi." Mama akamshukuru. Akamsindikiza hadi langoni, akarudi, akakaa kitandani akishika tumbo kwa mikono yote miwili. Lisemwalo lipo, akasema, na kama halipo laja. Niliogopa uso wake. Niliogopa kwamba ndugu yangu huyu wa tatu naye ataondoka kama wale wawili, na safari hii itakuwa ni kwa sababu ya Baba.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti. Kesho yake niliamka kabla ya Baba, nikasema naenda kuokota kuni, nikakata njia ya mkato hadi karibu na mto, nikajificha nyuma ya vichaka vya miiba mkabala na lile boma. Baridi ilikuwa kali, ukungu umelala juu ya nyasi, na ng'ombe walikuwa bado ndani. Haukupita muda nikasikia mnyororo wa baiskeli. Baba akashuka, akaiegemeza kwenye ua, akasimama. Akatoka mtoto wa kike mdogo, wa miaka mitano hivi, kashika kifimbo kama cha kuchungia ndama, akaja polepole hadi mbele ya Baba, akainamisha kichwa. Baba akaweka kiganja juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akakiacha hapo kidogo. Nilikuwa nimeishi na baba yangu miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kuona mkono wake ukitua juu ya kitu kwa upole namna ile. Kisha akatoka mwanamke kijana mwenye shanga hadi mabegani, akampa kibuyu. Baba akachuchumaa, akanywa, akacheka. Mwenye macho haambiwi tazama, nami nilikuwa nimetazama vya kutosha.

Nilirudi mbio bila ukuni hata mmoja. "Mama, Baba ako na mtoto kule," nikamwambia. "Ni msichana. Amempatia kichwa amshike kama babake." Ndivyo nilivyosema, kwa uhakika wote, mimi ambaye sikuwa hata nimeuliza mtu yeyote pale Kitengela watoto wa Kimasai husalimiana vipi na watu wazima. Mama hakulia. Alishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo zake na zangu, na vile vinguo vidogo vya manjano alivyokuwa amevifuma. Tutaenda kwao Machakos, kwa mama yake, akasema, mtoto atazaliwa huko, na huyo mwanamume abaki na watoto wake wa mtoni. Akafunga sanduku. Akalikalia. Kisha akasema kwamba kabla hajaondoka lazima amwone huyo mwanamke kwa macho yake, kwa sababu hataki uzee wake wote ajiulize alifananaje.

Tulitembea. Mwanamke wa mimba ya miezi saba, aliyekatazwa kubeba hata ndoo, alitembea hadi mtoni kwenye jua la saa tano, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kuvuta pumzi, na mimi kando yake nimebeba mwavuli na hatia ambayo sikuijua bado kuwa ni hatia. Tulipofika, yule mwanamke kijana alikuwa anapaka samadi ukutani. Akatuona, akaona lile tumbo, akaacha kazi, akatabasamu. Mama hakutabasamu. Na kabla mtu hajasema neno, yule mtoto akatoka kivulini na kifimbo chake, akamjia Mama polepole mpaka mbele ya miguu yake, akainamisha kichwa.

Mama alisimama mkono ukining'inia. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa utosi wa mtoto. "Mshike," akasema bibi kizee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni. "Anakusalimia. Mtoto wetu akisalimia mkubwa anapeana kichwa. Mshike, amechoka kusimama." Ndipo nilipouona mguu. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na ngozi yake imepauka kama ya kitu kilichofungwa muda mrefu. Kile kifimbo hakikuwa cha ndama. Mama akaweka mkono wake juu ya kile kichwa.

Bibi huyo, ambaye wote pale walimwita Koko, yaani nyanya, ndiye aliyesimulia, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Asubuhi moja ya ukungu mwezi wa Julai, Baba alikuwa amemgonga mtoto huyo, Naserian, kwa pikapu, pale alipovuka akifuata ndama. Mguu ulivunjika. Baba hakukimbia, alimbeba hadi hospitali na kukaa naye mpaka jioni. "Wazee wakasema alipe ng'ombe," Koko akasema. "Mimi nikasema ng'ombe ya nini? Ng'ombe itatoa mtoto uoga? Huyu mtoto akisikia gari anajikojolea. Nikamwambia huyo mwanaume, wewe utapita hapa bila gari. Utasimama. Mtoto akuone wewe ni mtu, si lile gari. Kila siku, mpaka uoga uishe." Mama bado alikuwa na tone la mwisho la shaka, nami namjua, nimelirithi. Akauliza, "Na maziwa?" Yule mwanamke kijana, mama yake Naserian, akashangaa. "Mtu asimame kwako asubuhi, umuache bila maziwa?"

Halafu Koko akasema neno lililomkalisha Mama chini. Alimshukuru kwa sukari. Walidhani ni yeye anayeituma. Kila asubuhi walimwuliza Baba, mama yule analalaje, anakula, mtoto anacheza tumboni, na Baba akawajibu yote. Alikuwa amewaambia kuhusu zile mimba mbili. Alikuwa amewaambia hawezi kumwambia mkewe habari ya ajali kwa sababu anaogopa mshtuko utaitoa na hii. Zile shanga alizifunga mama yake Naserian kwa ajili ya mtoto wetu atakayekuja. "Tunakuombea," Koko akasema. "Kila siku tunakuombea wewe." Mama akaketi kwenye kigoda, akalia hadi kamasi zikamtoka, akapewa kibuyu, akanywa. Mimi nilitamani nchi ipasuke.

Jioni hiyo Mama alimwambia Baba kila kitu, na Baba akasikiliza akiwa bado na kile kibanio cha nguo kwenye suruali. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu. "Nani aliniona?" Mama akanyamaza kunilinda, nami nikasema, "Ni mimi." Akanitazama. "Ungeniuliza, Ndunge." Jibu ninalo leo: ningekuuliza, Baba, ungesema klachi. Mficha uchi hazai, na yeye alificha. Lakini yeye alimficha Mama kitu ili mtoto azaliwe, na mimi nikamtoa Mama nje juani nikiwa na uhakika wangu wa nyuma ya kichaka, na karibu nimwue huyo mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndugu yangu alizaliwa salama mwezi wa Oktoba. Koko alikuja kumwona. Baba aliendesha baiskeli hadi Desemba, siku Naserian alipomwomba ampandishe kwenye pikapu.

Lakini tangu ile jioni, asubuhi iliyofuata na kila asubuhi baada yake, Baba akawa anasimama kwenye mlango wangu kabla ya kutoka. "Ndunge, naenda kazini. Napitia mtoni, nitakunywa maziwa kidogo. Narudi saa kumi na moja." Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Siku ya kumi nilitamani anichape viboko tuyamalize. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Aliporudia pikapu aliendelea. Nilipoenda shule ya bweni, alinisubiri likizo, akaendelea alipoachia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo lile boma limekatwakatwa viwanja, na mahali nilipojificha pana ukuta wenye vipande vya chupa juu. Wanaume wa Kitengela wanaoacha magari nyumbani na kwenda kazini kwa baiskeli siku hizi huvaa helmeti na kusifiwa. Mume wangu ni mmoja wao. Simu yangu hunionyesha alipo kila dakika, kinukta cha buluu kikipanda na kushuka barabara ya Namanga, na tunasema ni kwa ajili ya usalama. Kikisimama mahali dakika tano, moyo wangu nao unasimama. Sijui kama kizazi chetu kinaaminiana zaidi au kimepata tu vichaka vizuri zaidi vya kujifichia.

Baba amezeeka sasa, amerudi Machakos. Mwezi uliopita nilikuwa kwake, nimekaa uani nachambua mboga, akatoka ndani taratibu akishikilia ukuta, akasimama mbele yangu. "Ndunge, naenda chooni," akasema. "Sikawii."

"Baba, mimi sijakuuliza," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaanza kutembea.