Injini ya Mama Mkunga

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuingia maduka ya vitu vya kale. Nina gereji yangu Minneapolis, malori mengi ya kwenda Shakopee yamepita mikononi mwangu, na shule niliiachia darasa la nne. Lakini Jumamosi moja binti yangu alinivuta hadi duka moja la Anoka, na pale dirishani nikaiona: injini ndogo ya baiskeli, nyeusi, na kijigurudumu chake cha jiwe. Moyo ukanidunda. Halafu nikaona balbu imechomekwa juu yake. Wameigeuza taa!

Injini zile walizibuni Wafaransa walipotoka Vita vya Pili vya Dunia, nchi imechoka, petroli ya shida. Gari hawana, baiskeli wanazo. Basi mafundi wao wakatengeneza injini za kufunga kwenye baiskeli ya kawaida. Nyingine zilikaa chini ya pedali, nyingine nyuma ya kiti. Ninayoijua mimi ilikaa mbele, juu ya tairi; ukiishusha, kile kijigurudumu kinabana tairi na kuizungusha. Baadaye wenyewe walipopata pesa wakahamia magari, na kuukuu moja ikaletwa na masista kwetu, milima ya karibu na Bukavu.

Ikamfikia mama mkunga, jirani yetu. Mlimani lazima aisaidie kwa pedali. Mvua ikinyesha jiwe linateleza, anashuka, anafuta tairi kwa kitenge. Nyanya yangu hakukosa la kumtania: "Leo umeipanda au umeibeba?"

"Tunapokezana, mama."

Petroli yake ilichanganywa na mafuta ya injini. Siku moja, nikiwa bado mtoto, mkunga alinituma nichanganye, nikakuta kopo tupu. Mimi, mjuaji tangu tumboni, nikachota mawese ya nyanya yangu. Mafuta si mafuta? Akaondoka kwenda kumzalisha mwanamke ng'ambo ya kilima, moshi ukinukia ndizi za kukaanga, watoto wakimkimbilia nyuma huku wanameza mate. Katikati ya mlima injini ikanyamaza. Alipofika kwa miguu, mtoto ameshatoka, mama yake anavuja damu. Alimwokoa, lakini kwa shida.

Kesho yake akaiweka injini mezani kwetu. Hakunichapa. "Umeiziba wewe," alisema, "utaizibua wewe." Siku tatu nzima, mimi na mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Ya nne ikanguruma. Ndiyo siku niliyokuwa fundi, wenye vyeti wapende wasipende.

Binti yangu haamini. Anadhani ufundi niliuokota Amerika. Nilitaka aisikie ikinguruma, basi. Nikamwomba mwenye duka aifungue.

"Ni taa hii, bwana," akacheka.

Nikaomba bisibisi, nikaifungua mwenyewe. Pistoni hakuna. Waya wa umeme umepitishwa pale petroli ilipokuwa ikipita, na ndani wamemwaga gundi, eti isitikisike. Kitu kilichopanda mlima kuokoa watu, leo kimmulikie mtu sofani! Nilitoka nje nikatema mate kwenye theluji.

Garini binti akaniuliza kwa Kiingereza chake, polepole: ilikuwa inaliaje? Mimi, ambaye hakuna injini nisiyoweza kuiigiza kwa mdomo, nikafungua mdomo. Sauti haikuja. Kilichonijia ni harufu ya mawese tu.