Nungunungu Katika Karoti za Mtihani

Nikiwaomba wanafunzi wa kidato cha nne wanitajie mamalia wa porini wa nchi yetu, najua jibu kabla hawajafungua mdomo: twiga, kifaru, simba, tembo. Ni wale wale walio kwenye sarafu, na mara nyingi huwataja kwa mpangilio ule ule, kuanzia shilingi moja hadi ishirini. Hunikera sana. Huku shuleni kwetu, chini ya mji wa Karurumo, hakuna mtoto aliyewahi kuamshwa na twiga, lakini karibu kila mmoja amewahi kumfukuza kanu, yule mwizi mdogo mwenye madoa, kwenye banda la kuku, au kusikia perere, pimbi wa mitini, akipiga kelele usiku.

Basi mwaka mmoja niliamua kuanza na wanyama wa porini wa huku huku. Nilikuja darasani na mwiba wa nungunungu, mweupe kwa mweusi, niliotoka nao Muthara nilikozaliwa. Mama yangu aliutumia kunigawanya nywele kabla ya kunisuka, na ncha yake bado naikumbuka utosini. Niliwaambia kwamba kile si mwiba hasa, ni nywele iliyonenepa ikakakamaa, na mwenye nywele na maziwa ni mamalia, yamekwisha.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alikataa. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanyamapori, ambacho mimi ni mlezi wake, na hakuwa akinichokoza. Alikuwa na tabia ya kutoandika jambo mpaka aliamini.

"Lakini Mwalimu, nywele gani hiyo? Mbwa yetu ilidungwa na hiyo kitu kwa shingo mpaka ikakufa. Hiyo ni mwiba tu."

Darasa zima likacheka. Mimi hasira zangu hukaa karibu, kwa hiyo nilimwambia kwenye mtihani aandike jibu langu, lake abaki nalo nyumbani. Aliandika, lakini kwa uso wa mtu aliyelazimishwa kunywa dawa.

Muhula huo watahiniwa wa kilimo walikuwa na mradi wao nyuma ya jiko la shule. Kila mmoja alikuwa na tuta lake la karoti na kijiti chenye namba yake ya mtihani. Tuta hukaguliwa, likapewa alama, na alama hizo huingia kwenye mtihani wa taifa. Karoti zikiharibika, alama nazo zimekwenda, maana hakuna muda wa kupanda upya. La msichana huyu lilikuwa la mwisho, kando ya ua wa michongoma. Alitaka kusomea kilimo chuoni Embu, na katika masomo yote hili ndilo pekee alilolisimamia bila wasiwasi. Alilimwagilia maji kila asubuhi kabla ya gwaride, na karoti zake zilizidi za wenzake wote.

Asubuhi moja tulikuta sehemu ya tuta lake imefukuliwa. Karoti zilikuwa zimetafunwa, majani yametupwa kando, na juu ya udongo umelala mwiba mmoja, mweupe kwa mweusi. Wanafunzi wote walinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemtuma. Mwalimu wa kilimo, mtu mpole asiyeweza kuacha utani, aliniuliza kama rafiki yangu alishiba.

Nilisema tutazungushia mabati, tuyazike kidogo ardhini, na mnyama atakwenda kutafuta chakula kwingine. Niliyaomba mabati ofisini siku hiyo hiyo. Nikaambiwa yaliyopo ni ya choo cha wavulana, nisubiri mengine. Tulipokuwa tukisubiri, nungunungu alirudi, na zaidi ya nusu ya tuta ikawa imekwenda. Msichana hakulalamika. Ijumaa aliongoza mkutano wa chama kama kawaida na kusoma ahadi yetu ya kutomdhuru mnyama yeyote, ila sauti yake ilikuwa kavu.

Jumatatu alinisubiri mlangoni mwa chumba cha walimu kabla ya kengele. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Aliniomba nimfuate, nikamfuata.

Nungunungu alikuwa amelala ubavu chini ya michongoma, amekufa, waya wa breki ya baiskeli shingoni. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyetega. Baba yake hutega hivyo hivyo kwenye mihogo yao, na msichana alikuwa amenisimulia mwenyewe. Nilikuwa tayari kufoka. Maneno yalishajipanga mdomoni, ya sheria na ya chama na ya ile ahadi ya Ijumaa. Kisha nikaliona tuta lenyewe na karoti chache zilizobaki, nikamhurumia msichana. Kama ningekuwa na umri wake na maisha yangu yote yako kwenye tuta moja, huenda ningetega nyaya mbili.

Aliniambia hakutaka mnyama afe. Alitaka waya umshike tu, tumpeleke mbali. Nilimwamini.

Kisha alichuchumaa kando ya mnyama. Aling'oa kile kijiti cha namba yake ya mtihani, akakitumia kusogeza miiba ya ubavuni, taratibu, kama anayemchana mtu. Nyuma kidogo ya kwapa palikuwa na chuchu, imevimba. Aliigusa. Tone jeupe likatoka, likabaki kidoleni mwake.

"Mwalimu," akasema, "ni mamalia."

Akalia, na mimi nikalia naye.

Mambo ya sheria yalimalizika baadaye, kwa simu niliyowapigia askari wa wanyamapori mimi mwenyewe na onyo alilopewa mbele ya baba yake. Asubuhi ile tulifuata tu nyayo hadi kwenye shimo, ng'ambo ya ua, ukingoni mwa korongo. Nilimwambia ninachokijua: nungunungu hulea baba na mama pamoja, dume huenda yuko mle ndani na watoto, na watoto huanza kuguguna mapema. Yote ni kweli, ila sikujua kama yangetosha.

Alirudi kwenye tuta akaanza kung'oa karoti zake. Ukaguzi ulikuwa Alhamisi.

"Bakisha za alama," nikamwambia.

Alibakisha mstari mmoja. Nyingine alizibeba kwenye sketi ya sare, akapiga magoti mdomoni mwa shimo, akazivunja moja moja vipande vidogo, vya meno madogo.