Marehemu Anaimba

Redio ya shosho, bibi yangu, bado inanuka vitunguu, maana ilikaa jikoni kwake Dagoretti Corner miaka yote. Ujanani shosho aliimba redioni, hata kwenye filamu moja ya nyimbo, ambamo sauti ilikuwa yake na sura ya mwingine.

Jumapili moja alikuwa akimenya viazi redio ilipotangaza wimbo wake. Mtangazaji akamtaja kwa jina, akamwita marehemu.

Nikaanza kulia. "Shosho, tuwapigie simu, tuwaambie uko hapa."

Akaongeza sauti kwa kidole kilicholowa maji ya viazi.

"Hebu nyamaza kwanza," akasema. "Marehemu anaimba."

Leo asubuhi wimbo umepigwa tena. Mtangazaji amesema neno lile lile, na safari hii hakukosea. Nimeongeza sauti.