Mzee Aliyekula Ukuta wa Ziwa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nakaa kwa binti yangu Temple Hills, huko Marekani, nikimshukuru Mungu kwa kila kitu isipokuwa theluji, ambayo bado nilikuwa naiombea neema ya kuizoea.

Mjukuu wangu wa kike alitakiwa kupeleka shule mfano wa ziwa moja la Kanada, lililotokea watu walipoziba mto kwa ukuta. Jiografia ilikuwa imemshinda, na kazi hii ya Jumatatu ndiyo ingemnusuru asirudie somo. Mwalimu alishauri udongo wa dukani. Wa nini, nami nina unga wa mahindi?

Jumamosi nikasonga ugali mgumu kwenye sinia, nikafinyanga ziwa la mviringo. Mjukuu akaangalia ramani, akacheka, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ziwa hili si sahani. Kweli, lilikuwa refu, jembamba, lenye vidole pande zote: maji yalipozuiwa yalirudi nyuma yakaingia kila kibonde. Nikafinyanga upya.

Jumapili, ugali umeshakauka, tukajaza maji yenye rangi ya buluu ya keki. Nikalifunika ziwa kwa kawa, kama nifunikavyo chakula chochote. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu wenzetu wa maombi walikuwa wanakuja.

Nikiwa jikoni nakaanga sukuma, mmoja wao, mzee mwenzangu, Mkenya wa bara, akanawa mikono, akafunua kawa, akaomba baraka na kumega.

"Babu!" mtoto akapiga kelele. "Amekula ukuta!"

"Ukuta gani?" mzee akauliza, akitafuna. "Huu ni ugali. Umelala kidogo tu."

"Na hiyo buluu, mzee wangu?" nikauliza, nikitoka jikoni.

"Nilidhani ni mchuzi wa kwenu Tanzania!"

Maji yakamwagika mezani, na mtoto akalia kwa uchungu. Mzee akaacha kutafuna. Nikainama kufuta, nikaona chini ya ziwa umebaki mstari mwembamba wa buluu, unapindapinda.

"Mama, hebu njoo uone," nikamwita mjukuu wangu.

Akaja, akifuta machozi. Akaufuata ule mstari kwa kidole. "Ni mto," akasema, kwa Kiswahili. "Mto wa zamani."

Usiku ule ukuta ulisongwa upya, mdogo, wa kuchomeka na kuchomoa. Jumatatu mjukuu wangu akauchomoa ukuta mbele ya darasa zima, maji yakatoka, akawaonyesha mto, akarudi na alama nzuri kuliko zote alizowahi kupata.

Nilimpigia simu mzee mwenzangu. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akauliza kwa upole kama lile ziwa limebaki.