Shuka la Binamu

Ujanani, Garissa nzima hapakuwa na mtu aliyekijua kivuli cha nyumba yake kama mimi. Kikihama mlangoni kwenda kwenye mtungi, nilihama nacho, kitabu mkononi. Mama alininung'unikia, lakini hata manung'uniko yake yalianza kwa "hooyo". Kwetu hooyo ni mama, na mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo, kama anayemrudishia jina. Nilikuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo jina hilo lilikuwa mali yangu.

Kisha vita vikamleta binamu yangu. Upande wa Balambala malisho yalikuwa yamefungwa na jeshi, akaja na ngamia watatu waliosalia. Tulimpa kitanda changu, akalala chini. Alfajiri alikama amesimama kwa mguu mmoja, bakuli limekaa kwenye goti la mguu wa pili, huku akimwimbia ngamia. Mimi akanibatiza Bibi Harusi, eti kwa kuwa sitoki ndani. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Hilo ningelimeza. Lakini wiki haikuisha nikamsikia mama akimwambia binamu, "Kunywa kwanza wewe, hooyo."

Chai yangu nikaiacha ipoe.

Siku moja askari wakauzunguka mtaa, wakawakusanya wanaume uwanjani kuwahoji. Mimi niliokolewa na sare ya shule, ambayo, usicheke, niliivaa hata likizoni. Jioni ikafika, binamu hajarudi. Nilimhofia, wallahi, ila kuna kipande cha moyo wangu kilichokuwa kimekaa kivulini kikijipepea.

Ngamia mmoja alikuwa akilia, kiwele kimejaa. Kwetu ngamia hukamwa na wanaume, na mwanaume aliyebaki, Mungu atusamehe, nilikuwa mimi. Nilipomsogelea akanyanyua mguu wa nyuma. Mama akanirushia shuka la binamu.

"Anajua harufu ya mtu wake. Jifunike."

Lilinuka moshi na jasho la mtu nisiyetaka hata kumsikia akikohoa. Nikajifunika. Nikainua mguu, bakuli gotini, nikaanguka. Nikainua tena. Paja likatetemeka, msuli ukawaka moto, nikaimba wimbo wake kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. Mguu nikauacha uwake. Maziwa yakashuka, kidogo, yenye povu.

Nyuma yangu mlango wa ua ukalia.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Hooyo, njoo unywe."

Nikageuka. Binamu alikuwa ameegemea mlango, midomo imepasuka kwa kiu. Mama alikuwa katikati yetu, macho yamejaa machozi, haeleweki anamtazama nani. Hatukusogea, yeye wala mimi. Jina lilikuwa moja, na bakuli nilikuwa nalo mimi.

Nikampelekea, nikichechemea. Akanywa lote, akafuta povu, akanikagua toka juu hadi chini.

"Lete shuka langu, Bibi Harusi."

Nikamwambia atalipata kesho, nikishamaliza kukama.